Muulize Fundi: AC ya moto na baridi, au ya baridi tu?

Fundi, hujambo mwanangu? Nataka kufunga AC chumba wanacholala wajukuu, mita 4 kwa 4, hapa Tabata Segerea. Juu ni mabati, dari ya jipsamu, dirisha linatazama machweo. Kariakoo duka la kwanza wameniambia nichukue ya kawaida, la pili inveta ya moto na baridi. Mdogo wangu aliyeko Ujerumani anasema hiyo ya moto na baridi ndiyo pampu ya joto wanayopashia nyumba huko, nisiiache. Nifuate la nani?
Bibi Nasra

Shikamoo Bibi. Mdogo wako hajakosea. AC zote ni pampu za joto: hazitengenezi baridi, zinabeba joto la chumbani na kulimwaga nje. Ya moto na baridi imeongezewa vali ya kugeuza njia ya gesi, ili joto la nje liletwe ndani. Ungekuwa Njombe au Makete ningekwambia lipia leo. Lakini Segerea, hata Julai kusi ikivuma, wajukuu wanahitaji shuka tu. Chukua ya baridi tu, ila iwe inveta.

Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ya AC ya kawaida ama inazunguka kwa nguvu zote, ama imesimama. Ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ikizunguka hula kama uniti moja ya LUKU kwa saa. Inveta ikishapoza chumba hupunguza mwendo na kwenda taratibu mpaka alfajiri. Anayewasha saa moja tu kwa siku hatairudisha bei yake, lakini watoto wanaolala usiku kucha joto la kaskazi, kwao inalipa. Udhaifu wake ni bodi ya ndani: umeme ukipanda na kushuka inaungua, na bodi ni ghali. Isifungwe bila kifaa cha kulinda umeme.

Sasa ukubwa, na hapa Bibi nakusihi. Niliwahi kuitwa nyumba moja Mbezi Beach, chumba kama hicho chako, wamefungiwa BTU 24,000 eti ipoze haraka. Kweli ilipoza haraka, ikasimama. Chumba baridi, shuka zina unyevunyevu, ukungu umeanza nyuma ya kabati. Joto la Dar linakuja na unyevu wa bahari, na AC huukamua ule unyevu pale tu inapozunguka kwa muda. Kubwa kupita kiasi haipati muda huo. Chumba chako kingekuwa na kivuli ningesema 9,000. Kwa mabati na jua la jioni, chukua 12,000 na usikubali zaidi, hata wakikupunguzia bei.

Soma kibandiko: gesi iwe R32 au R410A. Ukikuta R22 iache, inaondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na kuijaza baadaye kutakusumbua.

Siku ya kufunga kaa hapo na kiti chako. Fundi aje na pampu ya vakyumu, atoe hewa yote kwenye mabomba kabla hajafungulia gesi. Akitaka kuisukuma hewa kwa gesi ya mashine yenyewe, mrudishe alikotoka. Na mashine ya nje asiipachike chini ya dirisha lile la machweo; itafute upande wenye kivuli, hata bomba likirefuka mita mbili.