Je, Wakanada wanawachukia Wamarekani? Ninayoyaona Windsor

Mleta mada umeuliza mambo mawili: kama ni kweli Wakanada siku hizi wanawachukia Wamarekani au ni kelele za mitandaoni tu, na kama mdogo wako anayehama Ohio kuja Ontario na gari lake atasumbuliwa. Huu ni mwaka wangu wa tisa Windsor, mji wa Ontario, Kanada, ulio mpakani kabisa na Marekani. Ukisimama ukingoni mwa mto unayaona maghorofa ya Detroit ng'ambo, karibu kabisa, na usiku hata taa za magari yao unaziona. Kichekesho ni kwamba hapa kwetu ili uione Marekani inabidi ugeuke kaskazini.

Neno chuki liweke pembeni kwanza. Wapare na Wachaga wanachukiana? (Mimi Mpare, msinichokoze.) Hawa nao miaka yote walikuwa na kitu kinachofanana na utani wetu, ila una kasoro: ni mtani mmoja tu anayejua kwamba kuna utani. Mkanada anaangalia TV za Mmarekani, anashabikia timu zake, anafuatilia chaguzi zake kuliko za kwao. Mmarekani wa kawaida ukimuuliza waziri mkuu wa Kanada ni nani, anaenda kuangalia kwenye simu. Mwaka 1969 Pierre Trudeau, waziri mkuu wa Kanada wa wakati huo, aliwaambia wakiwa kwao Washington kwamba kuishi nao ni kama kulala na tembo: hata awe mpole vipi, akijigeuza au akikoroma lazima usikie. Wazee wa hapa bado wanaurudia msemo huo. Mimi naona tembo mwenyewe wala hana habari kama kitandani kuna mtu.

Jirani yangu ni mzee mstaafu wa kiwanda cha magari. Namwita "Mzee" kwa Kiswahili, kashazoea. Maisha yake yote mpaka ulikuwa kama barabara ya mtaa: Jumamosi anapita ile njia ya chini ya mto iliyofunguliwa 1930, anajaza mafuta kwa bei nafuu, anaangalia besiboli, anarudi na jibini. Binti yake ni muuguzi Detroit na anavuka kila zamu, kama wauguzi wengine wengi wa mji huu. Kofia ya Mzee ni ya Red Wings, timu ya hoki ya Detroit, imepauka kwa jua mpaka nyekundu imekuwa waridi.

Siku moja nikamuuliza, mbona unawasema hawa watu kila siku na mguu wako hauishi kwao? Akanisimulia habari ya kituo kimoja cha mafuta Michigan, jimbo lenye Detroit. Kijana wa kaunta aliishika noti yake ya dola 20, ile ya kijani ya plastiki yenye Malkia, akaiinua kwenye taa, akamwita mwenzake aje aone hela ya kuchezea. Mzee alikuwa bado ana hasira, na tukio lina zaidi ya miaka kumi. "Dakika ishirini kutoka mlangoni kwangu," aliniambia. "Dakika ishirini!"

Basi chukua mtu wa namna hiyo, halafu mwambie nchi yake ifanywe jimbo la 51 la Marekani. Ndicho alichokuwa akikisema Trump mwanzoni mwa 2025, akiwa na tishio la ushuru wa asilimia 25 mkononi. Na Januari hiyohiyo ndege za kuzimia moto kutoka Quebec zilikuwa zinamwaga maji juu ya Los Angeles. Hapo Wakanada wakakumbuka na Gander, kale kamji ka watu kama 10,000 kule Newfoundland kalikopokea ndege 38 zilizozuiwa kuingia Marekani Septemba 11, 2001, wenyeji wakawalisha na kuwalaza abiria na wahudumu wa ndege zaidi ya 6,500. Hawajawahi kudai chochote kwa hilo. Ila wanahesabu, msione wako kimya.

Nikaona mambo ambayo sikuyategemea kwa watu wanaoomba samahani hata ukiwakanyaga wewe. Wimbo wa taifa wa Marekani ukazomewa kwenye viwanja vya hoki. Machi 4 maduka ya pombe ya serikali ya Ontario yakaondoa pombe zote za Marekani kwenye rafu. Supamaketi zikabandika jani jekundu la bendera yao kwenye bei za bidhaa za nyumbani. Mzee nilimkuta amevaa miwani ya kusomea, anageuzageuza kopo la nyanya. Akanipa darasa palepale: wakiandika kwamba ni zao la Kanada, karibu vyote vilivyomo viwe vya hapa, asilimia 98; wakiandika imetengenezwa Kanada, kwa chakula inatosha hatua kubwa ya mwisho ya kukitengeneza ifanyike hapa, hata kama vilivyomo vimetoka nje. Kopo lake lilikuwa la "imetengenezwa". Akalirudisha.

Sasa nyanya ndizo ninazozijua mimi, maana kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kupanga nyanya kwenye maboksi Leamington, mwendo wa dakika kama arobaini, kwenye vitalu nyumba vilivyotanda mpaka macho yanachoka. Malori tuliyopakia mengi yalielekea darajani, Marekani. Mwaka 2024 karibu robo tatu ya mauzo ya nje ya nchi hii yalikwenda kwa jirani huyohuyo. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa huku anasema "tusiwauzie", muulize mshahara wake unatoka wapi. Anajua, na kujua huko kunamuuma kuliko ushuru wenyewe.

Ila nao wana yao, nisiwapambe. Muulize Mkanada yeye ni nani, atakwambia asichokuwa: hatuna bunduki kama wale, hatulipii hospitali kama wale. (Kama sisi tunavyoanza na "Wakenya bwana...".) Ukanda huu ulipokea watumwa wengi waliotoroka kupitia Detroit, na wanajivunia kwa haki. Kwamba hapa nako watu walimilikiwa, mpaka sheria ya Uingereza ilipokomesha mwaka 1834, hilo sijawahi kusimuliwa na mtu bila kuuliza. Mimi mweusi, najua macho ya dukani yakoje pande zote mbili za mto. Upande huu yanafuatana na tabasamu.

Kauli mbiu yao ya mwaka ule ilikuwa "viwiko juu", yaani usikubali kuonewa. Imetoka kwa Gordie Howe, mchezaji wa hoki aliyesifika kwa kupiga watu viwiko. Mzaliwa wa Saskatchewan, Mkanada halisi, lakini misimu yake 25 aliichezea Red Wings ya Detroit. Na daraja jipya la hapa Windsor, ambalo Kanada ndiyo iliyotoa pesa zote za kulijenga, zaidi ya dola bilioni 6, wamelipa jina lake. Mzee alichomeka kibao cha viwiko juu kwenye nyasi mbele ya nyumba. Jioni anakaa nyuma ya kibao hichohicho na kofia yake, redio inatangaza mechi ya Detroit. Nikamwonyesha kibao, nikamwonyesha kofia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Detroit ni hapa," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Kuhusu mdogo wako: hatasumbuliwa. Magari yenye namba za Michigan yamejaa mjini kwetu na hakuna anayeyagusa. Toronto anaweza kupigwa jicho kwenye maegesho, basi. Mwambie tu asiseme "kule na huku ni kitu kimoja", hata kwa kusifia, hasa wiki ya kwanza kazini. Na namba za Ohio azibadilishe ndani ya siku 30, leseni ndani ya siku 60. Ndiyo sheria ya Ontario kwa anayehamia.