Nani Humfuata Mwenzake, Mpiga Ngoma au Mchezaji?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi hupiga engalabi, ile ngoma ndefu, katika kikundi cha ngoma za asili hapa Jinja. Juzi nilitazama video ya kikundi cha bomba, muziki wa ngoma na uchezaji wa kisiwa cha Puerto Rico katika Karibiani, nikashangaa kuona mpiga ngoma hakuondoa macho miguuni pa mchezaji. Kwetu mchezaji ndiye anayeisikiliza ngoma. Je, yule alikuwa akibahatisha? Na kwa nini muziki huo hutajwa pamoja na plena, kana kwamba ni kitu kimoja?
Mpiga engalabi, Jinja

JIBU: Hakuwa akibahatisha, ndugu msomaji. Bomba ilikuzwa na Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya miwa ya Puerto Rico, ambako utumwa ulifutwa mwaka 1873, na huhitaji angalau ngoma mbili zenye kazi tofauti kabisa. Ile kubwa, buleador, hushikilia mdundo mmoja bila kuyumba, ilhali ndogo, iitwayo primo au subidor, huachiwa kumfuata mchezaji. Mchezaji huingia uwanjani, huisalimu primo, kisha huanza kutoa piquete, yaani mikato ya ghafla ya bega, mguu au marinda ya sketi, na mpigaji hana budi kuijibu kila moja kwa pigo lake papo hapo. Akichelewa, uwanja mzima unajua nani ameshindwa. Huo ni ushindani hasa, ingawa wenyewe huuita mazungumzo.

Ngoma hizo zilitengenezwa kwa mapipa yaliyowahi kubeba ramu, zikawambwa ngozi ya mbuzi, nazo hupigwa kwa viganja kama engalabi yako ya ngozi ya kenge.

Plena ni jambo jingine: hupigwa kwa pandereta, yaani matari yasiyo na njuga, na nyimbo zake husimulia habari za mtaani. Hutajwa pamoja kwa sababu vikundi vingi hupiga zote mbili katika onyesho moja. Los Pleneros de la 21, kilichoanzishwa New York mwaka 1983, kinabeba plena katika jina lake, lakini bomba hakiiachi.

Mkitaka kujaribu, mwenzako ashikilie mdundo mmoja kwenye embuutu, ile ngoma kubwa, nawe ukae na engalabi mbele ya mchezaji mmoja tu. Mwombeni aanze polepole.