Kabla Hujaongeza Chombo cha Tatu

Mwezi uliopita kijana wa dada yangu alinijia nyumbani Mkokotoni na daftari mkononi. Yeye na wenzake wana ngalawa mbili za resi, na sasa wamepata gogo zuri la mwembe kwa bei ya kuelewana. Wanataka kuchonga ya tatu. "Mjomba," akaniambia, "tukiingiza tatu, tuna nafasi tatu za kushinda." Sikumjibu pale pale. Maneno yale yale niliyasema mimi mwaka 2016 mbele ya wenzangu, na yaliyofuata bado yananiuma.

Jioni yake nikakaa maskani. Jumapili za Formula 1, zile mbio za magari za ubingwa wa dunia ambako kila timu ina magari mawili, televisheni haizimwi, na ubishi ulikuwa huo huo kwa jina jingine: mbona timu kubwa haziruhusiwi kuingiza gari la tatu? Ferrari wakiwa na matatu, Mercedes matatu, si resi itanoga zaidi? Nikaona ni heri niandike, kwa ajili ya kijana wangu na kwa kila anayeendesha timu ndogo, iwe ya ngalawa, ya baiskeli au ya kitu chochote kinachokimbizwa.

Nianze na letu. Kikoa chetu kilikuwa na ngalawa mbili zilizozoea kuingia tatu bora. Waliokuwa wakitayarisha resi ya Idi wakaja kwetu na shida: vyombo vilivyojiandikisha ni saba tu, na resi ya vyombo saba watu wanaiona nyembamba. Nyie mna uwezo, wakatuambia, ongezeni kimoja. Tukaona ni heshima. Tukanunua ngalawa kuukuu kutoka Tumbatu, tukaziba nyufa, tukabadilisha mirengu, ile miti ya pembeni inayoizuia isipinduke, tukashona tanga jipya. Fedha zote zilitoka sanduku moja, lile lile la ngalawa mbili za kwanza.

Ubao na kitambaa tulivipata. Watu ndio waliotushinda. Asiyewahi kupanda ngalawa ya resi hudhani kazi yote ni ya nahodha. Nahodha anashika usukani, ndiyo, lakini chombo kinakwenda kwa mkono wa mshika demani, ile kamba ya kuvuta na kulegeza tanga. Yeye ndiye anayelisikia tanga kwenye kiganja, anajua lini alegeze na lini avute kabla upepo haujabadilika. Mtu wa namna hiyo hutengenezwa kwa misimu, tena si miwili wala mitatu. Kuna na wale wanaotoka kukaa juu ya mrengu ili chombo kisilale, nao lazima waijue ngalawa yao kama mtu anavyojua kitanda chake usiku. Sisi tulikuwa na washika demani wawili wazuri na mmoja wa kujifunza. Kwa hiyo tukafanya kama afanyavyo mwenye shuka moja na watoto watatu: tukavuta huku, tukavuta kule. Mtu mzuri wa mrengu kutoka ngalawa ya kwanza akahamia ya tatu. Foromali ya akiba, yaani ule mti unaobeba tanga, ambayo ilikuwa ikikaa pwani kwa dharura, ikapandishwa tanga na kuwa foromali ya kudumu.

Siku yenyewe kusi ilikuwa imeshika vizuri. Tulipotoka, ngalawa zetu tatu zikajikuta upande wa joshi, kule upepo unakotoka, zimepangana. Chini yetu alikuwepo mzee mmoja wa kijiji cha jirani, anayekuja kila mwaka na ngalawa yake moja na wanawe wawili. Hatukukusudia, lakini vyombo vitatu vya timu moja vikikaa joshini, upepo wa aliye chini unakatika. Nililiona tanga lake likipwaya kama kanga kwenye kamba. Wenzake wote wakampita.

Kwenye kupiga bisho, kwenda mshazari kuukabili upepo, ngalawa yetu ya tatu ikavunja foromali. Ya akiba haikuwepo tena, maana ndiyo hiyo iliyovunjika. Nahodha wa ya kwanza akalegeza mwendo kuangalia kama ndugu zake wako salama, na simlaumu hata leo. Tukamaliza wa nne na wa tano. Kwa vyombo vitatu tukakosa kile tulichokuwa tukikipata kwa viwili.

Hayo yote ningeyasahau. Ambalo sikulisahau ni la mwaka uliofuata. Yule mzee hakuja. Nikamfuata kwake, nikamsalimu, nikamuuliza. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, mimi nina chombo kimoja. Mkija na vitatu, hata pa kupata upepo sina. Nije kufanya nini?" Tulitaka kuijaza resi kwa kuongeza kimoja, tukampoteza aliyekuwemo.

Ndiyo maana vijana wa maskani wanaposema gari la tatu litaijaza Formula 1, mimi nakumbuka mwaka 2014. Mwishoni mwa msimu ule timu mbili ndogo, Caterham na Marussia, ziliishiwa fedha na hazikufika kwenye resi ya Austin, Marekani. Magari yaliyoshindana yalikuwa 18 tu. Mazungumzo yakawa yale yale ya watayarishaji wetu wa Idi: timu kubwa ziongeze la tatu, mistari ijae. Lakini mtazame Marussia mwaka huo huo, mwezi wa tano, kule Monaco. Dereva wao Jules Bianchi alimaliza wa tisa, akapata pointi 2, za kwanza na za pekee katika maisha yake ya Formula 1. Oktoba aliumia vibaya Suzuka, na Julai 2015 akafariki. Zile pointi mbili ziliiweka timu yake nafasi ya tisa kwenye msimamo wa mwaka, juu ya timu ya Sauber, na fedha za nafasi hiyo zilisaidia kuirudisha barabarani mwaka 2015.

Sasa piga hesabu. Pointi wanapewa kumi wa mwanzo. Chukua timu tano zenye nguvu, zipe magari matatu kila moja. Hayo ni magari 15 kabla hujamfikia mdogo. Wa tisa wa Bianchi angekuwa wa ngapi? Wa kumi na tatu pengine, mikono mitupu. Pengo la 2014 halikuzibwa na wakubwa kuongeza la tatu. Lilizibwa na mlango kubaki wazi: timu mpya ya Haas ikaingia 2016, na mwaka 2026 wameingia Cadillac, timu zimekuwa 11 na magari 22.

Wapo watakaonirudisha nyuma kwenye historia, na ni haki yao. Zamani timu hazikuhesabiwa magari namna hii. Katika resi ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia, Silverstone 1950, Alfa Romeo waliingiza manne na wakachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mercedes kule Aintree mwaka 1955 walichukua nne za mwanzo zote. Ni kweli, na ni fahari kwa mwenye nayo. Lakini jiulize aliyekuja na gari moja siku ile alirudi nyumbani na nini. Hata karibu yetu tumeona: Safari Rally ya Kenya, mwaka 2022 na tena 2023, Toyota walishika nafasi nne za mwanzo. Angalau kwenye rali za dunia kuna kanuni ninayoipenda: kiwanda kinataja magari matatu, ila pointi za timu zinatoka kwa mawili yaliyofanya vizuri zaidi. La tatu halimnyimi mwenzio kwa wingi tu wa idadi.

Nisieleweke kwamba chombo cha tatu ni kibaya kila mahali. Kuna mifano miwili ninayoirudia kila nikikaa na vijana, na yote ni ya Ferrari.

Wa kwanza ni Reims, Ufaransa, Julai 1961. Ferrari wana magari matatu ya kiwandani, madereva wakubwa. La nne limetolewa kwa kijana Giancarlo Baghetti, ambaye hajawahi kuendesha resi ya ubingwa wa dunia hata moja, na limeingizwa kwa jina la shirikisho la timu za Italia, si la kiwanda. Yale matatu yakapata matatizo, moja baada ya jingine. Baghetti akabaki, akapigana na Porsche ya Dan Gurney hadi mstari wa mwisho, akashinda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Resi yake ya kwanza.

Wa pili ni juzi tu, Le Mans 2025, resi ya saa 24. Ferrari mbili nyekundu za kiwandani na moja ya njano, namba 83, iliyosajiliwa kwa jina la AF Corse kama timu binafsi. Ile ya njano ndiyo iliyoshinda. Mmoja wa madereva wake watatu alikuwa Robert Kubica, Mpolandi. Mwaka 2006, enzi ambazo baadhi ya timu ziliruhusiwa kutoa gari la tatu kwa mazoezi ya Ijumaa, Kubica ndiye aliyekuwa akiliendesha la BMW Sauber. Agosti akapewa kiti cha resi Hungary, Septemba akapanda jukwaani Monza akiwa wa tatu. Mwaka 2011 ajali ya rali ilimwumiza mkono wa kulia hadi watu wakasema basi. Na miaka 19 baada ya zile Ijumaa, gari la tatu likamfikisha juu kabisa.

Angalia kinachofanana. Magari yale hayakuwa mtoto wa tatu wa shuka moja. Yalikuwa na jina lao na watu waliokabidhiwa kwa makusudi. Ukitaka kuona kinyume chake, tazama Toyota hapo hapo Le Mans. Mwaka 2017 walipeleka matatu, wakiwa na njaa ya ushindi wa kwanza. Moja tu lilimaliza, na halikushinda. Mwaka 2018 walirudi na mawili, wakashinda.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu Formula 1, jibu langu ni hapana kwa gari la tatu la kugombea pointi, na ndiyo, tena ndiyo kubwa, kwa gari la kumfundishia kijana. Mazoezi ya Ijumaa yanatosha kabisa kuanzia. Tangu 2021 kuna kikomo cha matumizi kwa kila timu, kilianza dola milioni 145 kwa mwaka, na fedha za gari la tatu zingepaswa kutoka humo humo. Mafundi wangegawanywa kama sisi tulivyowagawa watu wa mirengu.

Sisi tulijifunza kwa kuchelewa. Mwaka 2019 ile ngalawa ya Tumbatu tuliwakabidhi vijana watano, wakubwa wao hawajatimiza miaka 22. Tukaweka sharti tatu: sanduku lao wenyewe, nahodha waliyemchagua wenyewe, na siku ya resi wasipokee amri yoyote kutoka kwetu. Mara ya kwanza walikuwa wa mwisho. Tukanyamaza. Msimu wa pili mshika demani wao alianza kulisikia tanga. Mimi nilikuwa nimekaa ufukweni nikamwona akilegeza kabla upepo haujafika, nikajikuta nimesimama. Walimaliza wa tatu, mbele ya ngalawa yetu moja. Sijawahi kufurahi kushindwa kama siku ile.

Basi nilipokaa tena na kijana wangu nilimwambia hivi. Weka kando gogo, nionyeshe majina ya washika demani. Akaandika mawili. Nikamwuliza foromali ya akiba ipo? Haipo. Tanga la akiba? Limechanika tangu kaskazi. Formula 1 yenyewe zamani kila timu ilikuwa na gari la akiba limesimama tayari, mpaka kanuni zikalizuia mwaka 2008, na mawili yalipotegemea la tatu kwa namna ile, la tatu lilikuwa na maana. Fedha ya kuchongesha ngalawa nzima inaweza kuzipa hizi mbili matanga, foromali na kamba za misimu mitatu. Mara nyingi mtu anayedhani anataka chombo cha tatu, anachotaka ni viwili vilivyokamilika.

Nikamwambia na jingine, ambalo ndilo lililokuwa moyoni. Yule mzee wa kijiji cha jirani ngalawa yake imeoza pwani. Wanawe wawili wamekuwa wanaume, wanavua kwa vyombo vya watu. Mkubwa wao ana mkono wa demani ambao hapa kwetu hatunao. Gogo la mwembe mkimpa mzee yule, kwa deni la kulipa kidogo kidogo baada ya kuvua, ngalawa ya tatu itakuwepo majini, ila itakuwa na jina lake na tanga lake, na siku ya kutoka atachagua mwenyewe upande wa kukaa.

Kijana wangu alinyamaza muda mrefu. Akasema wenzake hawatakubali kumsaidia mtu awashinde. Nikamwambia awaulize kwanza. Juzi alinipigia simu: wanne wamekubali, wawili bado wanafikiri. Gogo limefunikwa makuti lisipasuke kwa jua, na Ijumaa baada ya sala tunakwenda pamoja kwa mzee.