Jibu: Mwaka wa kwanza, nimpe nani kura ya urais DARUSO (serikali ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani)?
Mkuu, kati ya hao wagombea wako wawili, yule wa "nitapandisha bumu" (hela ya kujikimu ya mkopo) na yule mpole asiye na mabango, huyo wa bumu anakupiga kamba mchana kweupe. Viwango havipangwi Mlimani, hela inatoka bodi ya mikopo (HESLB), rais wa wanafunzi anachoweza ni kufuatilia majina yaliyorukwa, kubanana na afisa mikopo, kupeleka kilio utawala, basi. Sasa mbane hapohapo: jina langu lisipotokea kwenye kusaini bumu, utaanzia ofisi gani? Akianza kuzunguka zunguka na "mabadiliko" jua hamna kitu. Halafu ulizia waliosoma naye, kama aliwahi kuwa CR (mwakilishi wa darasa) alikuwa anajibu meseji kwenye grupu la wasap au alikuwa anapotea mpaka mtihani ukaribie? Hiyo inakwambia mengi kuliko manifesto, nyingi wanakopiana tu. Tisheti yake chukua vaa, kura si ni siri bana. Na ile hela ya serikali ya wanafunzi tunayolipa pamoja na ada, waulize wote wawili mapato na matumizi watayabandika wapi. Mdahalo usikose, wahi kiti cha mbele, maiki huwa haifiki nyuma.