Bei kikomo ya dharura kwenye soko la jumla la umeme: ipangwe mapema, na ipangwe nzima

Mkazi wa Arusha au Moshi anaijua bei kikomo kutoka kituo cha mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati na maji wa Tanzania, hutangaza bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kila mji una bei yake, kwa kuwa gharama ya kuyasafirisha kutoka bandarini imo ndani ya hesabu. Bei hiyo haiwafukuzi wauzaji kwa sababu inafuata gharama: mafuta yakipanda kwenye soko la dunia, nayo inapanda. Bei kikomo nyingi za umeme zilizoshindwa zilishindwa kwa sababu hazikufuata gharama.

Jambo hili linatuhusu sasa. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida inapita Arusha kwenye kituo cha Lemugur, na upande wa kaskazini Kenya imeunganishwa na Ethiopia. Umoja wa gridi za Afrika Mashariki, EAPP, unaandaa soko la kuuziana umeme wa kesho. Umeme ukishauzwa kwa saa, kuna siku bei itaruka, na wakubwa watatakiwa kuifunga, yaani kuiwekea kikomo, usiku huo huo. Ushauri huu ni kwa wanaoandika kanuni, wanaoitwa kuzitolea maoni, na wanaonunua umeme mwingi. Kwanza, kipimo: bei za jumla hutajwa kwa megawati-saa, yaani uniti 1,000. Dola 9,000 kwa megawati-saa ni dola 9 kwa uniti moja.

Katika soko la namna hii, ofa za wazalishaji hupangwa kuanzia ya chini kwenda ya juu, na mtambo wa mwisho kuhitajika ndio unaoweka bei ya wote kwa saa hiyo. Kwa hiyo kuna mahali pa aina tatu pa kuweka kikomo: kwenye ofa ya muuzaji, kwenye bei ya soko, au kwenye mapato ya wale wenye gharama ndogo. Umoja wa Ulaya ulitumia njia ya tatu kuanzia 1 Desemba 2022 hadi 30 Juni 2023. Bei ya soko haikuguswa, ila mapato ya upepo, jua na nyuklia yaliyozidi euro 180 kwa megawati-saa yalichukuliwa ili kuwapunguzia mzigo watumiaji. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia yenye hatari ndogo kwa usalama wa gridi, lakini inataka mamlaka yenye uwezo wa kukagua vitabu vya kila mzalishaji. Mahali ambapo uwezo huo haupo, watu hukimbilia bei ya soko, na madhara huanzia hapo.

Australia ni mfano wa kusoma kwa makini, maana kanuni zao zilikuwa zimeandikwa vizuri kuliko nyingi. Walikuwa na kizingiti: bei za vipindi vyote vya dakika tano kwa siku saba, vipindi 2,016, zinajumlishwa, jumla ikivuka dola za Australia 1,359,100, sawa na wastani wa kama 674 kwa megawati-saa, bei inafungwa kwa 300. Juni 2022 Queensland ilivuka, na mikoa mingine ikafuata. Sasa piga hesabu kama anayeendesha mtambo. Wakati huo gesi ya Victoria yenyewe ilikuwa imewekewa kikomo cha dola 40 kwa gigajuli, kipimo cha nishati iliyomo kwenye gesi. Mtambo wa gesi usio na hatua ya pili ya mvuke hula gigajuli 10 hadi 12 kwa megawati-saa. Gesi peke yake ni dola 400 hadi 480, na ruhusa ni 300. Wazalishaji wengi wakaondoa ofa zao sokoni. Fidia ilikuwepo kwenye kanuni, ila ilitolewa kwa maombi baada ya tukio, na bodi ya kampuni haichomi gesi ya hasara ya leo kwa ahadi ya kurudishiwa baadaye. Tarehe 15 Juni mwendesha soko, AEMO, alilisimamisha soko lote, akalirudisha taratibu zaidi ya wiki moja baadaye. Kikomo chenyewe kilipandishwa hadi 600 mwishoni mwa mwaka huo.

Kwa hiyo usiandike kiwango kwa tarakimu tupu. Andika fomula. Chukua mtambo ghali zaidi ambao gridi inauhitaji ili isiingie kwenye mgao, zidisha mafuta unayokula kwa bei ya mafuta ya wiki hiyo, ongeza matengenezo, kisha ongeza gharama ya kuuwasha ukigawanya kwa saa utakazofanya kazi. Mfano wa dizeli: lita 270 kwa megawati-saa, lita ikiwa shilingi 3,000, ni shilingi 810,000, yaani 810 kwa uniti kabla ya kitu kingine chochote. Kikomo cha shilingi 600 kwa uniti kingeuzima mtambo huo saa ile ile unapohitajika. Fidia nayo iwe na mlipaji aliyetajwa (wanunuzi wa eneo hilo, kwa uniti walizochukua vipindi hivyo), malipo ya awali ndani ya siku chache, na orodha ya nyaraka: ankara za mafuta, usomaji wa mita, kumbukumbu za kuwasha.

Kanuni zilizonakiliwa kutoka nchi za gesi husahau maji, na ukanda wetu unategemea maji. Bwawa halinunui mafuta, lakini maji yake yana bei: ni ile ambayo yangepata saa nyingine. Maji yanayofunguliwa Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, hupita mitambo ya hapo, kisha Hale, kisha New Pangani Falls; ukiyamwaga leo, vituo vyote vitatu havitayaona tena. Funga bei kwa wiki mbili na utangaze tarehe ya mwisho, na mwenye bwawa ana kila sababu ya kushikilia maji hadi siku ya kumi na tano. Dawa ni kuruhusu ofa ya mabwawa ipimwe kwa gharama ya mtambo wa mafuta ambao maji hayo yataukoa baadaye. Bei ya umeme wa akiba, yaani ya mitambo inayolipwa kukaa tayari, nayo ifungwe kwa pamoja. Ukiiacha huru, wazalishaji watahamia huko na soko la nishati litabaki tupu.

Mpaka ndio unaovujisha zaidi. California ilishusha kikomo chake kutoka dola 750 hadi 500 Julai 2000, kisha 250 mwezi Agosti. Umeme ulinunuliwa ndani kwa bei iliyofungwa, ukapelekwa majimbo jirani, ukarudi kama umeme wa nje usiobanwa. Utulivu ulikuja baada ya Juni 2001, udhibiti ulipopanuliwa hadi eneo lote la magharibi. Hispania na Ureno zilipofunga bei ya gesi ya kuzalishia umeme Juni 2022, kuanzia euro 40 kwa megawati-saa ya gesi, Ufaransa ilivuta umeme ule wa bei nafuu kupitia mpaka. Tanzania ikifunga peke yake huku Kenya ikiwa huru, nyaya za Lemugur zitabeba umeme kuelekea kaskazini tukiwa sisi kwenye mgao. Kizingiti, kiwango na saa ya kuanza viwe vimoja kwa gridi zote zilizoungana.

Kutoka kwenye dharura kuandikwe pia. Texas, Februari 2021, mdhibiti aliagiza bei ikae kwenye kikomo cha juu, dola 9,000, wakati wateja wamekatiwa umeme. Amri za kukata ziliisha karibu na usiku wa manane wa tarehe 17, lakini bei ilibaki juu hadi asubuhi ya tarehe 19. Mkaguzi huru wa soko alizihesabu saa kama 32 za bei isiyostahili. Ushirika wa umeme wa Brazos, uliolemewa na ankara za siku hizo, uliomba ulinzi wa kufilisika 1 Machi. Baadaye Texas ilishusha kikomo hadi 5,000 na kuweka cha dharura cha 2,000 kinachoingia chenyewe bei ikikaa juu saa 12 ndani ya 24. Kujiendesha huko ni muhimu sana: saa mbaya si wakati wa kuitisha kikao.

Mteja wa nyumbani hatayaona haya kwenye luku, kwa kuwa bei yake hupitishwa na EWURA na haibadiliki kwa saa. Anayebanwa ni msambazaji anayenunua ghali na kuuza kwa bei iliyofungwa; hivyo ndivyo kampuni ya umeme PG&E ya California ilivyofilisika Aprili 2001. Lakini mwenye shamba la maua Usa River, kiwanda au vyumba vya baridi, akiletewa mkataba unaofuata bei ya kikanda, asome vipengele viwili kabla ya kusaini. Cha kwanza, nani analipa fidia ya wazalishaji, maana ankara hiyo hufika miezi baada ya bei kushuka. Cha pili, kama anaruhusiwa kujitoa kwenye gridi bei ikipita gharama ya jenereta yake. Jenereta ya kawaida hula kama lita 0.3 kwa uniti. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, mpaka wake ni shilingi 900 kwa uniti. Tarakimu hiyo iingie kwenye mkataba, pamoja na muda wa taarifa ambao fundi wake anauhitaji kuwasha na kuhamisha mzigo.