Nani anaubeba mzigo? Maswali yenu kuhusu msamaha katika Agano la Kale

Mwalimu, kwenye jumuiya yetu tumeambiwa zamani zile hapakuwa na msamaha bila damu. Ni kweli?

Soma Mambo ya Walawi 5:11. Aliyeshindwa kupata kondoo wa sadaka ya dhambi, akashindwa hata hua wawili, alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, kama lita mbili hivi, mkavu bila mafuta wala ubani. Kuhani aliteka konzi moja, akaiteketeza madhabahuni, na mtu yule akasamehewa. Konzi ya unga! Damu ilikuwa ndiyo kawaida, sikatai, ila maskini hakufungiwa mlango.

Waebrania walitumia neno gani kwa "kusamehe"?

Yapo kadhaa. *Salakh* ni la Mungu peke yake. Katika Maandiko hayo hutamkuta binadamu akimfanyia mwenzake. Linalonivutia mimi ni *nasa*, yaani kuinua au kubeba. Katika Kutoka 34:7, Mungu anapojieleza mbele ya Musa kuwa ni mwenye kusamehe uovu, Kiebrania kinasema anaubeba. Ajabu ni kwamba mwenye hatia naye huambiwa vivyo hivyo: shahidi anayeficha alichokiona, katika Walawi 5:1, "ataubeba" uovu wake. Mzigo ni ule ule, mabega ndiyo yanayobadilika. Kaini naye analitumia katika Mwanzo 4:13, na wafasiri wanavutana mpaka leo: analia kwamba adhabu haibebeki, au kwamba kosa lake halisameheki?

Na yule mbuzi wa Azazeli?

Walawi 16, siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho. Haruni, kuhani mkuu, anamwekea mikono yote miwili kichwani, anaungama dhambi za Waisraeli, kisha mbuzi anapelekwa jangwani akiwa amebeba maovu yote. *Nasa* tena. Azazeli mwenyewe ni pepo, mahali, au mbuzi huyo huyo? Andiko limenyamaza.

Daudi alizini na Bathsheba, akamuua mumewe, akasamehewa. Mbona mtoto waliyemzaa alikufa?

Hapa pagumu. Katika 2 Samweli 12:13 nabii Nathani anamwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Aya inayofuata, mtoto atakufa. Ndivyo ilivyo pia katika Hesabu 14: taifa la Israeli linasamehewa, lakini walionung'unika hawakuingia Kanaani. Hukumu ya kifo iliondolewa, matokeo yakabaki. Lakini mtoto alikosa nini? Sina jibu ningethubutu kumpa Bathsheba.

Daudi alifunga, akalala chini siku saba. Alipoambiwa mtoto amekufa, aliinuka, akaoga, akabadili nguo, akaenda kusujudu, kisha akaagiza chakula. Watumishi wake hawakumwelewa, nami siwalaumu.