Maswali ya Wasomaji: Miguu ya springi chini ya mashine ya santuri

SWALI: Ndugu Mhariri, mashine yangu ya kupigia santuri ina uzito wa kilo 8 na imekaa juu ya kabati, katika chumba cha ghorofani chenye sakafu ya mbao. Watoto wakipita mbio, sindano huruka na taarabu hukatika. Nimeshauriwa ninunue miguu minne ya springi. Je, itanifaa? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Inaweza kukufaa, na inaweza pia kukuzidishia tatizo, kutegemea springi zinabonyea kiasi gani zinapobebeshwa mashine. Kila kitu kilichokalia springi kina mwendo wake wa kupanda na kushuka, yaani hucheza mara kadhaa maalumu kwa sekunde. Springi huanza kupunguza mitetemo pale tu kasi ya mitetemo hiyo inapozidi mwendo huo kwa takriban mara 1.4, mitetemo ya taratibu zaidi hupenya, na ile inayolingana na mwendo wa springi hukuzwa.

Kuujua mwendo huo hakuhitaji maabara, kwani rula inatosha. Pima urefu wa springi ikiwa tupu, uipime tena ikiwa imebeba, kisha gawanya 16 kwa kipeuo cha pili cha milimita zilizopungua. Springi iliyobonyea milimita 10 hucheza kama mara 5 kwa sekunde, na iliyobonyea milimita 4 hucheza mara 8. Mkono wa sindano nao huwa na mtikisiko wake, aghalabu kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde, kwa hiyo springi ngumu iliyobonyea milimita 2 au 3 tu huuchokoza mkono palepale ulipo dhaifu. Kwa mashine yako, tafuta springi inayobonyea milimita 10 hivi ikibeba kilo 2. Upande wenye mota huenda ukawa mzito zaidi, basi usawazishe kwa pimamaji.

Hata hivyo, nina shaka na ushauri uliopewa. Sakafu ya mbao ikikanyagwa hunesa polepole, na mara nyingi mneso huo hukaribiana na mwendo wa springi zenyewe, hivyo mashine inaweza kuyumba kuliko zamani. Mimi ningeanza na rafu iliyofungwa imara kwenye ukuta wa mawe, ambao hautikiswi na miguu ya watoto, halafu nione kama springi bado zinahitajika.

Tazama pia ndani ya mashine. Tangu Edgar Villchur wa Marekani alipotoa mashine ya kampuni yake, Acoustic Research, mwaka 1961, ambamo sahani inayozungusha santuri na mkono wa sindano vilining'inizwa pamoja kwenye springi na mota ikabaki kando, watengenezaji kadhaa wamefuata njia hiyo. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, usiongeze springi nyingine chini yake.

SWALI: Je, niiwekee springi amplifaya yangu ya transista? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, fedha hizo zinunulie sindano mpya. Amplifaya za valvu, yaani zile za zilizopo za kioo zinazowaka kama taa, ndizo zinazoweza kunufaika, kwa kuwa vipande vya ndani ya valvu vikitikisika huweza kusikika kwenye spika. Mwenye nayo aiguse valvu polepole kwa ncha ya penseli huku amplifaya imewashwa: spika ikinyamaza, naye asinunue.